Kabla ya Kununua Betri Nyingine

Gari likigoma kuwaka alfajiri, mpita njia wa kwanza atakwambia ni betri. Wa pili atasema hivyohivyo, na wa tatu atakuelekeza duka lilipo. Mara nyingine wanapatia. Lakini betri ni ghala tu. Kuna alteneta inayoijaza, kuna mkanda unaoizungusha hiyo alteneta, kuna nyaya nene zinazoifunga betri kwenye injini na kwenye bodi, halafu kuna redio, alamu na taa zinazoila usiku wakati mwenye gari amelala. Kimojawapo kikiwa na kasoro gari litagoma vilevile, na betri mpya itakusogeza wiki mbili tatu tu kabla hujarudi palepale, safari hii ukiwa na mfuko mwepesi.

Namwandikia mwenye gari la kawaida lililotumika Japani kabla ya kufika kwetu: IST, Vitz, Passo, Premio, Noah na ndugu zao. Sina nia ya kumfanya fundi. Ninachotaka ni afike gereji akiwa na vipimo viwili vitatu mkononi, na awe na ujasiri wa kusema: pima kwanza, ndipo tubadilishe. Inaniuma kuona mtu anauziwa betri, kesho alteneta, keshokutwa stata, kumbe tatizo lilikuwa terminali iliyolegea.

Nunua maltimita. Ni mita ndogo yenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi, inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa sehemu ndogo tu ya bei ya betri. Izungushe kwenye volti za DC, pale palipoandikwa V yenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake, kwenye kiwango cha 20. Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na hujagusa ufunguo: ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti 2.1 hivi, ndiyo maana betri iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Ukisoma 12.4, imebaki kama robo tatu ya chaji. 12.2 ni nusu. Chini ya 12, ihesabu kuwa imeisha.

Sasa mwambie mwenzako apige stata huku wewe macho yako kwenye mita. Namba itaporomoka kwa ghafla, usishtuke, kwa sababu stata ndiyo inayokula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari. Ila isiende chini ya 9.6 hivi. Kama kabla ya stata ulisoma 12.6 na wakati wa stata ikaanguka hadi 7, betri yenyewe imechoka: volti zinaonekana juu juu, nguvu ndani haipo. Gari likishawaka, soma tena. Hapo unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12 na pointi, tena inazidi kushuka kidogo kidogo, alteneta haichaji, na betri yoyote utakayoweka itakufa. Ukiona imepita 15, basi regyuleta ya alteneta imeharibika na betri inachemshwa; ukiinama utasikia harufu ya mayai viza.

Huo ndio uchunguzi wenyewe. Unachukua dakika chache, na hakuna sababu fundi akatae kuufanya mbele yako.

Kuna dalili moja inayodanganya watu wengi, nayo nataka niikalie kidogo. Unafungua ufunguo, taa zote za dashibodi zinawaka vizuri, redio inaimba. Unapiga stata, unasikia “ta!” mara moja, kisha kimya, au kila kitu kinazimika kabisa. Unakaa, unapiga simu, unajaribu tena, gari linawaka kana kwamba halikuwa na shida. Betri haina tabia ya kufa na kufufuka. Hiyo ni dalili ya muunganiko mbovu: umeme mdogo wa taa za dashibodi unapenya, lakini stata inapodai ampea mia na zaidi kwa mara moja, njia inakuwa nyembamba. Fungua boneti, shika kichwa cha waya pale kwenye terminali, ujaribu kukizungusha kwa mkono. Kikizunguka, umempata mwizi wako. Kama hakizunguki lakini kimevaa unga mweupe au wa kijani, huyo naye ni mwizi. Kwa wanaokaa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, hewa ya chumvi huharakisha kutu kwenye kila kiungo cha chuma, hivyo kukagua terminali kila mwezi si kazi ya kupoteza muda.

Kusafisha kuna utaratibu wake. Anza kufungua hasi, mwishoni ndipo ufungue chanya. Sababu ni hii: bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya halafu spana ikagusa chuma chochote cha gari, umeme wote wa betri utapita kwenye spana hiyo na itakuunguza mkono. Ukishatoa hasi, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea. Vua pete na saa ya chuma kabla. Yeyusha magadi ya kupikia kwenye maji ya uvuguvugu, mwagia ule unga, uache uchemke, sugua kwa brashi ya waya, kausha. Maji hayo yasiingie ndani ya betri. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, halafu paka grisi au Vaseline juu yake. Kisha fuata ule waya mweusi hadi unakoishia, pale ulipofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Bolti ya pale huota kutu bila mtu kuiona, na ni wachache kati ya wanaofungua boneti wanaoifikiria.

Betri zenye vifuniko vya kuzungusha zinahitaji maji yaliyochemshwa na kukusanywa kutoka kwenye mvuke, yale yanayouzwa kama maji ya betri, hadi yafunike sahani za ndani. Usiweke maji ya bomba, na usiongeze tindikali: kinachopungua kwa joto ni maji, tindikali inabaki ndani. Zile zilizozibwa zenye jicho la kijani juu, jicho hilo linasoma chumba kimoja tu kati ya sita. Kijani hakikuhakikishii vyumba vitano vilivyobaki.

Ukithibitisha kwa vipimo kwamba betri imechoka kweli, nenda dukani ukiwa umeandika namba iliyo kwenye ile ya zamani. Tuseme ni 46B24L, ambayo wauzaji wengi wanaijua kama NS60L. Hiyo 24 ni urefu wake kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha terminali chanya iko upande gani. Ukinunua R badala ya L, waya wa chanya hautafika, na fundi mwenye haraka atauvuta au kuigeuza betri ili mambo yaende. Usikubali. Muulize muuzaji tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri iliyokaa rafuni inajimaliza polepole, halafu uipime palepale kabla hujalipa. Huku kwetu kinachoua betri ni joto. Betri inayokaa chini ya boneti kwenye jua la Dodoma au foleni ya Ubungo haitaishi miaka ile inayoishi kwenye nchi ya baridi, na mwenye gari ajiandae kwa hilo bila kumlaumu muuzaji kila mara.

Kubusti ni jambo ambalo karibu kila dereva atalifanya siku moja, na wengi wanalifanya vibaya. Waya mwekundu: anza na chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi: hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho usiibane kwenye betri iliyokufa. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche. Cheche na haidrojeni vikikutana juu ya betri, betri inapasuka na tindikali inaruka usoni. Liache gari zima liungurume dakika chache, ndipo uwashe lililokufa. Kutoa ni kinyume cha kuweka, ukianza na ile ncha ya mwisho. Gari la otomatiki usihangaike kulisukuma, halitawaka. La manyuo linasukumika vizuri: ufunguo kwenye ON, gia ya pili, klachi chini, likishika mwendo uachie klachi.

Halafu kuna jaribio moja la gereji ambalo ningependa life kabisa. Gari likiwa linaunguruma, fundi anachomoa terminali ya betri ili “kuona kama alteneta inachaji.” Injini ikiendelea kuunguruma, anatangaza alteneta ni nzima. Kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta mambo hayo yalivumilika. Kwenye gari la leo, betri ndiyo inayotuliza volti za alteneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu sana kwa nukta ya sekunde, na zinazozipokea ni kontroboksi, redio, taa na regyuleta yenyewe. Gari lililoletwa kwa tatizo la betri linaweza kuondoka na tatizo la kontroboksi, na bei zake hazifanani hata kidogo. Ukimwona fundi ameshika terminali huku injini inawaka, mwambie kwa adabu: fundi, samahani, naomba tutumie mita.

Betri inayokufa kila wikendi wakati vipimo vyote vitatu ni vizuri ina kitu kinachoinyonya. Taa ya ndani au ya buti iliyobaki inawaka, tuseme ya wati 10, inakula ampea 0.8 hivi. Betri ya ampea-saa 45 inapoteza nusu ya chaji yake kwa saa 28. Uliegesha Ijumaa jioni, Jumamosi usiku hali tayari ni mbaya. Gari zima lililolala linatakiwa kula chini ya ampea 0.05, kiasi cha kulinda saa na kumbukumbu za kompyuta. Hata hivyo, likikaa wiki tatu bila kuwashwa litakuwa limechoka, kwa hiyo anayesafiri muda mrefu achomoe hasi.

Mnyonyaji ninayemkuta mara nyingi ni redio iliyobadilishwa. Redio nyingi za Japani zinaishia FM 90 au 95 hivi, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo watu hubadilisha redio mapema baada ya gari kutoka bandarini. Redio za dukani zina waya wa njano wa umeme wa wakati wote, kwa ajili ya kumbukumbu, na waya mwekundu unaotakiwa kupata umeme pale tu ufunguo ukiwa kwenye ACC. Fundi mvivu anaunganisha njano na nyekundu pamoja, anazungushia sotepu, kazi imekwisha. Tangu siku hiyo redio hailali tena. Ukichomoa ufunguo na redio ikaendelea kuimba, umeshapata jibu. Alamu na kamera za dashibodi zina hadithi inayofanana.

Kumtafuta mnyonyaji kwa mita kunawezekana nyumbani ukiwa makini. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, chomoa hasi ya betri, weka mita katikati ya terminali hasi na kichwa cha waya wake. Milango ifungwe, ufunguo uwe nje, subiri dakika kadhaa kompyuta zilale. Ukisoma zaidi ya ampea 0.05, anza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo inayolinda njia yenye ugonjwa. Mita ikiwa imekaa hapo usipige stata kabisa, na ukimaliza urudishe ule waya kwenye tundu la volti, la sivyo kipimo kinachofuata kitaunguza mita.

Na tukiwa kwenye fyuzi, jua ziko wapi kabla hujazihitaji. Kwa kawaida kuna sanduku moja chini ya boneti na jingine ndani, karibu na magoti ya dereva. Ukifungua kifuniko utakuta mara nyingi kibanio kidogo cha plastiki cha kuchomolea, na maandishi mafupi: STOP, TAIL, HORN, DOME, CIG. Rangi ni lugha ya dunia nzima kwa fyuzi hizi za bapa: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Iliyoungua inaonekana, ule utepe wa ndani umekatika. Weka nyingine ya rangi ileile. Ikiungua tena papo hapo, kuna waya umegusana mahali, mtafute huyo. Kuweka ya ampea 30 mahali pa 15, au kuzungushia kipande cha waya au karatasi ya sigara, ni kuhamisha mahali pa kuungulia: badala ya fyuzi ya bei rahisi, utaungua waya uliopita chini ya zulia na nyuma ya dashibodi, na moto wa gari unaanzia hapo.

Nieleze fyuzi moja kwa karibu, kwa sababu imewafanya watu wengi waite magari ya kuvuta bila sababu. Uko kwenye maegesho, gari la otomatiki, injini inawaka bila wasiwasi. Unakanyaga breki, unabonyeza kitufe cha gia, gia haitoki kwenye P. Unasukuma kwa nguvu, haitoki. Mawazo yanakimbilia giaboksi na gharama zake. Kabla ya kupiga simu popote, mwombe mtu atazame taa za breki nyuma ukiwa umekanyaga. Kama haziwaki, angalia fyuzi ya STOP, au ile swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Gari limetengenezwa lisitoke P mpaka lihakikishe umekanyaga breki, na uhakika huo linaupata kutoka kwenye umeme uleule wa taa za breki. Umeme huo usipofika, gia inajifunga. Pembeni ya gia kuna kitufe kilichoandikwa SHIFT LOCK, au kifuniko kidogo cha kubandua: bonyeza kwa ncha ya ufunguo huku umekanyaga breki, gia itatoka. Nenda moja kwa moja ukatengeneze, maana unatembea bila taa za breki na wa nyuma yako hajui.

Taa za mbele. Globu ya H4 ya kawaida ina wati 60 kwa taa kubwa na 55 kwa taa ndogo, na soketi, nyaya na swichi vimepimwa kwa kiasi hicho. Globu za wati 100 zinazouzwa kwa sifa ya mwanga mkali zinavuta ampea zaidi ya 8 kila moja badala ya 5, na matokeo yake utayaona ukichomoa soketi: plastiki nyeupe imegeuka kahawia, pini zimelegea. Ukibadilisha globu ya halojeni, ishike kwenye chuma chake. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo, sehemu hiyo inapata joto kupita kiasi na globu inakatika mapema. Taa za LED zilizobandikwa kwenye kioo kilichotengenezewa halojeni hutawanya mwanga ovyo. Dereva anaona mbele pameng’aa, anayekuja haoni kitu. Na wenzetu wa Burundi na mashariki mwa Kongo, ambako magari hupita kulia, wajue kuwa taa za gari lililotengenezwa kwa soko la Japani zimeelekezwa kuinua mwanga upande wa kushoto. Huko kwao kushoto ndiko yanakotokea magari ya mbele, kwa hiyo taa hizo zinahitaji kubadilishwa, kurekebisha skrubu peke yake hakutoshi.

Indiketa ikianza kupiga haraka kuliko kawaida, globu moja ya upande huo imekufa. Zunguka uone ni ipi. Hazadi nazo ni za gari lililosimama mahali pa hatari. Kuziwasha ukiwa kwenye mwendo, eti kwa sababu mvua ni kubwa au unapita moja kwa moja kwenye mzunguko, kunawanyima wenzako kujua unakata wapi. Anayeona upande mmoja tu wa gari lako atadhani ni indiketa, na ataingia.

Dashibodi inastahili sekunde tano zako kila asubuhi. Fungua ufunguo hadi ON bila kupiga stata, utazame. Taa za tahadhari zinatakiwa ziwake zote zijipime: ya betri, ya kopo la mafuta, ya injini, ya mkoba wa hewa, ya ABS. Injini ikiwaka zinazimika. Ukienda kununua gari, jaribio hili lina thamani kuliko maneno ya dalali, kwa sababu wapo wanaochomoa globu ya taa ya injini au kuiziba ili kasoro isionekane. Taa ambayo haiwaki hata ufunguo ukiwa kwenye ON imefichwa, na aliyeificha alikuwa na sababu.

Rangi zina daraja. Nyekundu ni simama. Kopo la mafuta likiwaka jekundu barabarani, toka pembeni uzime injini palepale, usitafute kituo cha mbele, maana injini isiyo na shinikizo la oili inajisaga kwa dakika chache. Taa ya betri ikiwaka ukiwa njiani, alteneta imeacha kazi au mkanda umekatika. Zima AC, redio na kila usichokihitaji, na utazame joto la injini, kwani kwenye baadhi ya injini mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Vitz na Passo nyingi hazina geji ya joto. Zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, kwa hiyo taa hiyo nyekundu ndiyo onyo lako pekee. Taa ya njano ya injini inakuruhusu kufika gereji kwa utulivu, isipokuwa ikianza kupepesa: hapo kuna silinda isiyochoma vizuri na petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi. Punguza mwendo. Na fundi akiipima kwa mashine, muulize hitilafu iliyosomwa ni ipi kabla hajaifuta. Kufuta kunazima taa, ugonjwa unabaki.

Vitufe navyo. Kwenye gari za gia nne za otomatiki, kama IST za mwanzo, kuna kitufe ubavuni mwa gia. Ukikigusa bila kujua, dashibodi inaandika O/D OFF na gari halitaingia gia ya juu kabisa. Wapo wanaotoka Dar hadi Morogoro hivyo, injini inalia na mafuta yanakwenda, wakidhani gari ndivyo lilivyo. Taa hiyo iwe imezimika kwenye barabara tambarare. Kazi yake ni mteremko. Ukishuka Kitonga au Sekenke, zima O/D, na pale panapozidi kuwa pakali rudisha gia hadi 2 au L, injini ishike gari, breki zibaki na akiba. Kuweka N kwenye mteremko ili kubana mafuta ni kuzibebesha breki mzigo wote peke yake, hadi zichemke na pedali iende chini bila kushika. Kuzima injini ni hatari zaidi, kwa sababu usukani unakuwa mzito, msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache, na ufunguo ukirudi hadi LOCK usukani unajifunga.

Mvua ikinyesha na kioo kikafunga ukungu, wengi hufuta kwa mkono au kitambaa. Washa AC, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, zima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili iingie ya nje. AC inakausha hewa, ukungu unaondoka kwa muda mfupi. Ukiona baridi, ongeza joto bila kuzima AC. Waipa usiziwashe kwenye kioo kikavu chenye vumbi, rushia maji kwanza. Raba zake zinapasuka kwa jua hata zisipotumika, zibadilishe kabla ya masika.

Kwenye kuosha gari, injini isipigwe maji ya presha. Maji yanaingia kwenye koili, kwenye alteneta, kwenye soketi za sensa, na gari linaanza kutetemeka siku hiyohiyo au kutu inafanya kazi yake kimyakimya kwa miezi. Kitambaa kibichi na brashi vinatosha.

Mwenye Aqua au Prius ajue kuwa gari lake lina mifumo miwili. Betri ndogo ya volti 12, ambayo mara nyingi huwa upande wa nyuma wa gari, inatunzwa kama nilivyoeleza, ila usiitumie kubusti magari ya wengine. Nyaya nene za rangi ya chungwa ni za mfumo mkubwa, ambao kwenye Prius unabeba volti zaidi ya 200. Hizo haziguswi na mwenye gari, wala na fundi asiyesomea, hata gari likiwa limezimwa.

Na gari lolote likizama kwenye maji, kama inavyotokea Jangwani, Dar es Salaam, kila masika yakizidi, usijaribu kuliwasha “uone kama limepona.” Maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi, yanaweza kupinda fimbo za pistoni kwa mzunguko mmoja wa stata. Kama linafikika salama na si la haibridi, chomoa hasi, livutwe hadi gereji, na oili, chujio la hewa, giaboksi na soketi zote zikaguliwe na kukaushwa kabla mtu yeyote hajagusa ufunguo.